Kicheko cha Teddy Babich

Kazi ya kulibonyeza lile yowe walimpa Duane Babich, na waliompa kazi hiyo walijua vizuri wanampa nani. Karibu na mguu wake wa kushoto, chini ya matoazi, waliweka pedali ndogo nyeusi. Bendi ikifika mwisho wa "Tanuru Namba Sita", Cliff Ryder anatupa kichwa nyuma, anapanua mdomo, na Duane anakanyaga. Spika zinatoa yowe la sekunde kumi na moja ambalo kila mtu mzima wa bonde lile la viwanda vya chuma analijua kuliko anavyoujua wimbo wa taifa. Watu wanalia. Watu wazima na matumbo yao, na magoti yao mabovu, wanalia kabisa. Halafu Cliff anajifuta jasho na kushukuru, utadhani kuna kazi amefanya.

Yowe lile halikuwa la Cliff. Halijawahi kuwa la Cliff hata siku moja. Lilikuwa la Teddy, mpiga gita, mdogo wake Duane, ambaye gari lake liliteleza kwenye barafu mwaka tisini na sita na sasa amelala nyuma ya kanisa la Waserbia pale Harmon Falls, Ohio.

Mambo yalianza mwaka themanini na sita. Bendi yao, Black Ladle, ilikuwa ya vijana wanne, watatu kati yao wametoka kwenye nyumba ambazo baba ameshafukuzwa kiwandani au yuko mlangoni anangoja kufukuzwa. Wa nne alikuwa Cliff, ambaye baba yake aliuza bima na hakuwahi kushika koleo. Lakini Cliff alikuwa na nywele, na uso, na namna ya kusimama, na sauti yake ya kawaida ilikuwa nzuri, hilo tusimnyime. Kilichomshinda ni mwisho wa wimbo ule. Siku mbili nzima studio alijaribu kupanda, na siku mbili nzima sauti ikampasukia njiani. Prodyuza akaanza kutazama saa. Teddy alikuwa kwenye korido anakula mkate wa soseji na pilipili hoho. Akaingia na mkate wake mkononi, akaisogelea maikrofoni, akacheka, akavuta pumzi, akaliachia. Mara moja tu. Kisha akaumalizia mkate wake.

Kwenye albamu prodyuza alikata kicheko na kuacha yowe. Meneja akawakalisha, akasema bendi ina mwimbaji mmoja na uso mmoja kwenye jalada, na jambo hili litaishia humu humu ndani. Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Jukwaani wimbo ukifika pale, taa zote zinazimwa isipokuwa moja inayommulika Cliff, na Teddy anaingia gizani nyuma ya spika ambako kuna maikrofoni yake peke yake. Yeye aliona ni mchezo. Akipita nyuma ya ngoma alikuwa akimwambia kaka yake, "Naenda kuwa Cliff kidogo, narudi sasa hivi."

Miaka kumi alikwenda na kurudi hivyo hivyo. Alipokufa bendi ilijikokota miaka mitatu mingine ikavunjika. Cliff akahamia Florida akawa anaimba kwenye baa za watalii. Duane akapata kazi ya kutunza mitambo ya kupasha joto katika shule moja ya pale pale mjini, akaifanya miaka ishirini na miwili, na wanafunzi hawakujua kwamba yule mzee mwenye funguo nyingi kiunoni aliwahi kupiga ngoma mbele ya watu elfu kumi na nane. Basi mwaka jana tangazo moja la magari ya mizigo likautumia ule wimbo, na ndani yake lile yowe, na watoto ambao hata wazazi wao hawakuwa wameoana wakati ule wakaanza kuuliza hawa ni akina nani. Simu ya Cliff ikafika. Tunarudi kaka, alisema. Sisi tuliobaki.

Duane alikubali. Kwa nini asikubali? Alikuwa na miaka sitini na nne, mke alishamkimbia zamani, na mikono yake ilikuwa bado inataka.

Mazoezi waliyafanyia kwenye gereji iliyofungwa, na kijana wa kukodi kwenye gita. Fundi mitambo wao wa sauti alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu anaitwa Renee, mkavu wa maneno, mwenye masikio ya kutisha. Yeye ndiye aliyezifungua kanda za zamani na kutenganisha kila chombo na kila sauti. Akamwekea Duane visikilizio masikioni, akamwonyesha pedali, akamwambia ajaribu.

Duane akakanyaga, na masikioni mwake Teddy akacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kile chake cha puani, cha mtu aliyeshikwa na mkate mdomoni. Kikafuata kishindo cha pumzi, kisha yowe. Kijiti kikamtoka Duane mkononi kikabingirika mpaka ukutani. Miaka ishirini na tisa alikuwa hajaisikia pumzi ya mdogo wake. Renee akavua hedifoni zake, akamtazama, akamuuliza huyu ni nani, maana Cliff siye. Duane akamwambia. Renee akatikisa kichwa, akasema basi atakata huo mwanzo, hauwezi kwenda kwa watu, na akafanya kazi yake.

Jioni ile ile Duane alimfuata Cliff. Alimwambia sawa, nitakanyaga hiyo pedali yenu, lakini mtaje mtu. Jina tu. Sema sauti hii ni ya Teddy Babich, halafu endelea na maringo yako. Cliff akamkumbatia, machozi yakamlenga, kwa maana hayakuwahi kuwa mbali. Akaahidi. Akasema isiwe hivi hivi tu huko njiani kwa watu wasiomjua, iwe nyumbani, siku ya maonyesho ya kaunti, mbele ya mama yako. Na Duane, mjinga wa watu, akaona hilo ni jambo zuri hata kuliko aliloliomba.

Wakapiga maonyesho saba. Mara saba Duane alikanyaga, mara saba akatazama mgongo wa Cliff ukitetemeka kwa sauti isiyo yake. Hilo angeweza kulimeza. Lililomshinda ni hadithi. Huko Indiana Cliff alianza kuwasimulia watu, kabla ya wimbo, namna alivyolipata yowe lile. Mwanzo alisema tu kwamba lilimtoka moyoni. Walipofika Pittsburgh likawa limetoka kwa baba yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye tanuru namba sita. Walipofika Buffalo, baba huyo alikuwa ameungua mkono na Cliff mdogo alikuwa amesimama getini na chakula chake, akamsikia anapiga kelele. Baba yake Cliff, muuza bima, mtu aliyevaa tai mpaka kwenye kuchoma nyama uani. Aliyeungua mkono ni mzee Babich. Aliyesimama getini na kopo la chakula ni Teddy. Duane alikuwa pembeni yake. Hivi mtu anaiba sauti ya marehemu, halafu anarudi kuiba na baba yake?

Kila alipomkumbusha ile ahadi, Cliff alimpiga bega akasema nyumbani, kaka, nyumbani.

Siku ya nyumbani ikafika, Jumamosi ya jua kali, mwanzo wa Septemba. Jukwaa lilikuwa katikati ya uwanja wa maonyesho, upande huu mabanda ya ng'ombe waliopewa zawadi, upande ule moshi wa soseji. Waliitwa kupiga saa kumi alasiri. Saa sita mchana walikuwa wanapima vyombo, ndipo Duane akamwona mama yake anakuja taratibu kwa mkongojo wake, na mkono wa pili ameshika bakuli la plastiki lenye mfuniko.

Zorka Babich alikuwa na miaka themanini na minane na bado kila Ijumaa alikuwa akikaa na wanawake wenzake katika ukumbi wa kanisa wakifinyanga pirogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, za kuuza. Watu wa kanisa walimwogopa. Duane aliteremka kumpokea, akadhani bakuli ni lake. Mama akamsukuma kando kwa kiwiko.

"Hizi za Cliff," alisema. "Wewe utakula nyumbani."

Akampa Cliff bakuli. Cliff akapiga goti moja kwenye nyasi, mbele ya mafundi wote, akambusu mkono akimwita Mama Babich, malkia wangu. Kikongwe kikafurahi mpaka shingo ikawa nyekundu. Akamshika Cliff kidevu. Akamwambia kwamba juzi alilisikia lile yowe kwenye televisheni jikoni kwake, akaacha unga, akakaa chini. Halafu akageuka nusu, kana kwamba kuna mtu wa tatu amesimama pale, akasema yale maneno ambayo Duane alikuwa ameyasikia utotoni na ukubwani, mezani kila Jumapili, Teddy akiwa hai na kijiko mkononi.

"Teddy wangu nilimwambia sana. Nikamwambia, wewe gita tu, gita, mwenzako Mungu amempa koo. Jifunze kwake. Alikuwa ananicheka."

Duane alimtazama Cliff. Hapa sasa, alifikiri. Hata jukwaa halihitajiki. Mtu amefungua mlango mwenyewe, mwambie. Cliff akameza mate, akatabasamu, akasema Teddy alikuwa kijana mzuri sana, Mama.

Basi.

Renee akamkalisha kikongwe kwenye kivuli na soda. Duane akamkamata Cliff kwa nyuma ya fulana, akamvuta mpaka nyuma ya lori la vyombo. Bakuli la pirogi lilikuwa bado liko mkononi mwa Cliff. Duane hakuwa mtu wa kelele.

"Utamtaja leo," alisema.

Cliff akaanza kuzunguka. Akasema watu wa tangazo watakuwepo, watu wa kurekodi watakuwepo, kuna ziara ya Ulaya inanukia, na mashabiki wakishajua hili moja wataanza kuuliza na mengine. Akasema tena kwamba mama ana miaka themanini na minane, hivi Duane anataka kumuua? Muda wote huo sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayembembeleza mlevi atoke barabarani. Duane akamwambia kwamba anayemuua mama ni yule anayempigia goti. Hapo upole ukamwisha Cliff, na kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile akasema jambo la kweli.

"Nani alimwambia Teddy akubali? Mimi? Mimi nilikuwa chooni nalia, Duane. Mimi nilitaka kuacha bendi. Wewe ndiye uliyemtoa nje, ukamzungusha lile jengo la studio mara tatu, ukarudi naye amekubali. Usinijie leo na mikono misafi."

Akaondoka na bakuli lake.

Na ilikuwa kweli, hilo ndilo lililomchoma. Duane alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alikuwa ameonja kiwanda miezi minane na alijua kabisa kwamba bila uso wa Cliff watarudi huko, au hata huko hawatapata pa kurudi. Alimwambia Teddy, dogo, ni sekunde kumi na moja tu, utakosa nini? Teddy alipiga teke kopo la bia, akasema hamna neno, kama unataka. Kama unataka. Aliisema kwa ajili ya kaka yake, na kaka yake alilijua hilo siku ile ile, akaliweka mahali, akakaa nalo miaka thelathini na tisa. Sasa lilimtoka lote kwa mpigo na hakujua amwelekezee nani. Alimchukia Cliff, alimchukia meneja ambaye alishaoza, alijichukia mwenyewe. Aliokota kijiti cha ngoma akakivunja kwenye goti. Goti likauma, hasira ikabaki palepale.

Alikwenda kwa Renee kwenye meza yake ya mitambo. Alimwomba kitu kimoja: airudishe ile sauti kama ilivyokuwa siku ya kwanza, haijakatwa, na iende kwa watu. Renee akakuna shavu. Akasema kosa kama hilo humfukuzisha fundi. Kisha akabonyeza vitu viwili vitatu kwenye skrini, akasema yeye anakwenda kununua juisi baridi ya limau na hajazungumza na mtu.

Saa kumi uwanja ulijaa. Walikuwepo mababu wenye fulana za ziara ya mwaka themanini na saba zilizowabana, na wajukuu wao mabegani. Wasimamizi walimwekea Zorka kiti cha kukunja mbele kabisa, mita sita kutoka jukwaani, akakaa na mkoba wake mapajani, mgongo wima. Black Ladle wakapiga, na tuseme ukweli, walipiga vizuri. Duane alipiga ngoma siku ile mpaka mpiga besi akageuka mara mbili kumtazama kuna nini.

Ukabaki wimbo mmoja. Cliff akachukua bilauri ya karatasi, akaja mbele, akaanza hadithi yake. Akasema leo niko nyumbani. Watu wakapiga makofi. Akasema baba yangu alifanya kazi kilomita tatu kutoka hapa, tanuru namba sita. Duane akamtazama mama yake. Zorka alikuwa amekunja uso kidogo, anatafuta kitu kichwani, kwa kuwa yeye alimjua baba yake Cliff, ndiye aliyemuuzia bima ya nyumba. Cliff akaendelea mpaka kwenye mkono ulioungua. Akafika kwa mtoto getini na kopo la chakula. Akasema na siku ile, ndugu zangu, nililisikia lile yowe, na tangu siku hiyo limo ndani yangu. Akanyamaza ili liwaingie, akainua bilauri kunywa maji.

Duane akakanyaga.

Kicheko kikatoka kwenye spika zote za uwanja ule, kikubwa kama nyumba, kile cha puani, cha mtu mwenye mkate mdomoni. Kikaja kishindo cha pumzi. Kisha yowe, tupu, bila gita, bila ngoma, sekunde kumi na moja nzima chini ya jua, na Cliff Ryder amesimama katikati ya jukwaa bilauri imemganda mdomoni. Maji yakamshukia kidevuni. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma akacheka akadhani ni utani, akanyamaza. Mzee mmoja mwenye fulana ya bendi alivua kofia akawa anamtazama Cliff, kisha spika, kisha Cliff.

Cliff akageuka polepole. Mdomo wake ulisema jambo chafu ambalo maikrofoni haikulidaka. Duane hakumjali. Alikuwa ameshaweka vijiti chini, anashuka ngazi za pembeni, kwa sababu mama yake alikuwa amesimama bila mkongojo.

Alifika mbele yake. Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Njia nzima kutoka kwenye ngoma alikuwa akijiona anamkumbatia, na mama analia kifuani mwake, na mambo yanakwisha. Macho ya Zorka yalikuwa makavu.

"Aliyecheka ni Teddy," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na aliyepiga yowe?"

"Ni yeye. Ni yeye siku zote."

Kikongwe kikatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu. Kilikuwa kinahesabu kweli. Jumapili zote zile, bakuli zote zile, kila aliposema mbele ya mwanawe mwenzako Mungu amempa koo, na mwanawe akacheka kwa puani mpaka chakula kikampalia.

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mezani kwangu pia ulikuwepo. Ulikuwa unakula." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na watu wa mstari wa mbele waliisikia yote. "Nilimzika mtoto wangu sijawahi kumwambia ameimba vizuri. Miaka yote hii umeniacha namsifu mtoto wa watu."

Duane akafungua mdomo. Kulikuwa na mambo mengi ya kumwambia, kuhusu meneja, na kiwanda, na umri wa miaka ishirini na mitano, na Cliff aliyekuwa analia chooni. Yote aliyaona yanavyofanana na hadithi za Cliff. Akaufunga.

Mama akaokota mkongojo wake. Hakuutumia, aliushika tu mbele yake kwa mikono miwili.

"Rudi pale ukanisikilizishe tena," alisema. "Tangu kwenye kicheko. Ukimaliza, usije kwangu."

Duane akapanda ngazi. Cliff alikuwa ameshatoka, na mpiga besi amekaa juu ya spika, ameinamisha kichwa. Ng'ombe tu walisikika kule mabandani. Alikaa kwenye kiti chake nyuma ya ngoma. Kutoka pale aliweza kumwona mama yake, mdogo, amesimama juani peke yake, ameinua uso kuelekea spika.

Akakanyaga pedali.